Mpini wa Pili

Gunvor alikuja Eskilstuna yote ikiwa nyeupe kwa theluji,
akakung'uta viatu mlangoni mwa karakana yangu, chini ya nyumba,
akafungua leso. Ndani, kichwa cha wembe wa kizamani,
bamba mbili na jino la hesi katikati,
na mpini uliopasuka kuanzia shingo hadi kitako
kama ganda la njegere.

"Ni wa baba," akasema. "Hawezi tena kujinyoa.
Namnyoa mimi, Jumatano na Jumapili.
Mashine ya umeme anaiogopa. Anasema inanguruma."

Husemwa mshika mpini ndiye mwenye neno,
wa makali ajihadhari. Sijui.
Miaka thelathini na mmoja nakereza mipini
na neno langu halijawahi kuvuka kizingiti hiki.

Vikata hesi vitatu vikakataa.
Cha nne, urithi wa babu yake mke wangu, kikauma.
Shaba ikazunguka, ikatoa nyuzi ndefu za moto
zilizojikunja kwenye mikono ya sweta.
Nikaitia chale za msalaba mwili mzima,
nikaipa unene, nikaipa uzito,
nikaing'arisha hadi nikaiona ndani yake
pua yangu, kubwa kama kiazi.
Kinyozi hajinyoi, lakini mkerezaji hujisifu,
hasa akiwa peke yake.

Siku ya tisa, Gunvor huyo tena.
Hakuvua hata glavu.
"Ameushika, akaurudisha mezani.
Kasema: hiki kitu cha wenyewe.
Kisha akakaza midomo. Nimemwacha na ndevu zake."

Nikaomba ule uliopasuka.
Safari hii sikuupima kwa chombo. Nilifumba macho,
nikauzungusha vidoleni, polepole,
na upande mmoja, chini kidogo ya shingo,
chale hazikuwepo.
Palikuwa na bonde laini, upana wa gumba.
Gumba la mtu wa kiwanda cha makufuli,
aliyenyoa ndevu kila alfajiri kabla ya king'ora
miaka hamsini
bila kukusudia kuchonga chochote.

Tupa ndogo. Msasa. Msasa laini zaidi.
Kisha kitambaa na majivu ya jiko.
Ni ajabu kuiharibu kazi yako kwa uangalifu ule.
Napapasa: bado. Napapasa: bado.
Wake ulichukua nusu karne, wangu usiku mmoja,
nikaona haya, kama mtu anayeghushi sahihi.

Jumapili Gunvor akanialika niende.
Makao ya wazee, ghorofa ya pili, harufu ya sabuni na kahawa.
Taulo shingoni, povu hadi masikioni,
Mzee Hjalmar, asiyejua tena huu ni mwaka gani,
amwitaye binti yake kwa jina la dada aliyekwisha kufa,
akanyoosha mkono.
Gunvor akasita. Akampa.

Gumba likatembea juu ya shaba,
likapita, likarudi,
likatua.

Hakutabasamu, msidhani.
Aliinua wembe hadi shavuni, mkono ukamtetemeka,
Gunvor akaufunika mkono ule kwa wake,
wakashuka pamoja, njia moja nyembamba kwenye povu,
hadi pembe ya taya.
Nami, mwenzangu akinyolewa, nikajipapasa kidevu:
kikavu, na mvi zimejaa.

Mzee akasimama kati ya shavu na shingo.
Akanigeukia mimi, mgeni, aliyesimama karibu na dirisha.
"Kiwembe hiki ni butu," akasema. "Nani kakitia?"

Tukatazamana na Gunvor.
Nikaanza kupekua mifuko ya koti, kwanza huu, kisha ule,
na mzee akingoja, mpini mkononi,
kama msimamizi wa zamu.