Injinia wa Vitenge

Duka langu liko Makoroboi, vitenge hadi darini.
Marobota nimeyapanga kama tofali,
kiungo kisikae juu ya kiungo.
Nyanzobe hunicheka: "Mume wangu,
nani atanunua ukuta?"

Miaka kumi na minne nilipandisha maji
kutoka ziwani hadi kwenye mawe ya Isamilo.
Sasa napima doti, nakata, nakunja,
na penseli bado i sikioni.

Jana bibi harusi wa Nyegezi
alikuwa kati ya zambarau na kijani
nikamnyamazisha kwa kidole.
Chini ya sakafu bomba lilikuwa linagonga.
Nikapiga magoti, sikio kwenye saruji.
"Hewa," nikasema. "Wamefungua koki kuu kwa pupa."

Hakuna aliyeniuliza.
Akangoja nijipanguse vumbi, akaomba punguzo.
Nikampa.

Leseni ukutani inasema: muuza nguo.
Sibishani na karatasi.

Ila usiku, mlima ukizima taa moja moja,
nahesabu nyumba, nahesabu ndoo,
na usingizi hauji
mpaka tenki la juu lijae.