Fundi Anatazama Ukuta

Alikuja baada ya adhuhuri, Langoni ikisinzia,
na diski ndani ya pakiti ya unga wa mandazi,
imezungushwa leso, mafundo matatu.
"Kompyuta ya mwanangu imekufa," akasema Bi Somoe,
"na simu hii inajua kila kitu isipokuwa hiki."

Nikanyosha mkono. Akairudisha pakiti kifuani.
"Mna harusi humu. Usiku wa kupamba.
Hakuingia mwanamume, hata anayenyonya."
Basi nitafanyaje, mama, nisipoona?
"Wewe una mdomo. Mimi nina mikono.
Geuka, upe mato ukutani."

Nikageuka.
Ukuta wa duka langu ni wa matumbawe,
chokaa imebanduka mfano wa ramani ya nchi isiyo na wenyewe,
na kidaka kimoja, babu alikiwekea msahafu,
mimi nimekijaza betri zilizovimba.
Nikaanza kuielekeza chokaa:

Kwanza hicho kiwaya kifupi, chenye mdomo bapa.
Hakina juu wala chini, usihangaike.
Kiingize kwenye simu taratibu,
kama ufunguo kwenye nyumba ya watu.
Sasa waya wa diski, nyuma yake.
Umeona taa?
"Inapepesa."
Umesikia nini?
"Inagongagonga. Kama kuku anayedonoa sinia."

Ah. Ina njaa.
Simu haina nguvu ya kuilisha, diski yenyewe ni jitu la zamani.
Nikapapasa kinyumenyume, nikampa habu na chaja yake;
mikono yetu haikugusana,
meza ilipokea, meza ikatoa.

Diski ikavuma. Kisha kimya. Kisha sauti yake ikapanda:
"Hini nni? Imeandika, hifadhi haisomeki,
gusa hapa ili kuumbiza."
Usiguse!
Nilipiga ukelele hadi punda wa mlangoni akasogea.
"Lakini kuumba si jambo jema?"
Si hapa, mama. Neno wameliazima kwa Mola,
kazi wameiazima kwa moto.
Ukigusa, bi harusi hajapakwa hina,
hajaposwa,
hajazaliwa.

Nikasikia kidole chake kikiondoka kwenye kioo.
Naapa nilikisikia.

Chomoa. Futa ncha kwa pembe ya leso.
Usipulize, pumzi zetu huku zina chumvi.
Rudisha, kaza kidogo.
"Kimetokea kisanduku. Ndani mna majina."
Chagua.

Harusi ikamwagika dukani.
Vugo, pembe zikigongwa, vigelegele, kiti kikiburutwa,
mtu akiuliza kama sambusa zimefika.
Bi Somoe hakusema kitu kwa muda mrefu.
Halafu, kwa sauti ndogo:
"Ndimi huyu? Nilikuwa nikicheka hivi?"
Sikujibu. Ukuta nao haukujibu.

Na hapo katikati ya kelele, mwanamke mmoja akaongoza ubeti,
wa utani, mkali, wa mambo ya chumbani,
na ukumbi mzima ukaangua kicheko.
Sauti ile naijua.
Huniamsha alfajiri. Huniuliza kama nimekula.
Miaka thelathini na minne nyumba moja naye,
sijaisikia ikiimba hata kwa kuchagua mchele.

"Mbona masikio yamekusimama, fundi?"
Nimechoka kusimama, mama, ni hilo tu.
Ukimaliza, gusa Ondoa kwanza, ndipo uchomoe.
Usiinyofoe ghafla. Nayo ina heshima yake.

Alilipa mia mbili, akafunga leso,
fundo, fundo, na la tatu kwa meno.

Usiku mama alinimiminia chai,
akauliza kazi ya leo ilikuwaje.
Nikatazama ukuta.
Nikasema tangawizi imekolea.