Hayanukii

Mama yangu, Dona Zulmira, alifua nguo za watu
miaka thelathini na mmoja, mtaa wa juu wa mto Tietê,
na kwake kilicho safi ni kile kinachonukia.
Sabuni ya unga vikombe viwili; cha tatu cha baraka.
Maji ya beseni aliyamwaga mferejini
bila kuyaaga.

Mimi ndiye niliyekuja kuyapokea, huku chini.

Agosti, mto unapokonda, povu huinuka,
huvuka daraja, huingia kanisani bila kuvua kofia,
humfunika mbwa wa Valdecir hadi masikioni.
Wageni hupiga picha: theluji Brazili!
Mwaka ule, kwenye mkutano wa halmashauri,
nasi tulitoa povu letu.
Meya akajifuta uso, akatia saini.

Basi njoo uone. Bwawa hili la kwanza ni la vijidudu,
walaji hodari: hula karibu kila kitu, wakaacha makombo.
Makombo ndiyo kesi.
Chembe ya sabuni ni ndumilakuwili,
kichwa chake chapenda maji, mkia wayakimbia;
chujio la mchanga huliponyoka hivihivi.
Kwa hiyo twaipulizia ozoni,
ile harufu ya hewa radi ikishapita,
twaipitisha chini ya taa za urujuanimno
zinazonguruma kama friji ya jirani,
hadi mkia ukatike, pingili kwa pingili.
Kinachosalia hunaswa na mkaa wa vifuu.
Mkaa ukishiba twaurudisha tanuruni
usahau ulichokula, utoke na njaa upya.

Naandika vipimo kwa penseli, wino huchuruzika.
Saa tisa usiku: sufuri nukta sufuri nne.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Nayazoa. Lita tisini kwa sekunde,
na bili ya umeme usiniulize.

Jumapili nilimpelekea Mama chupa moja.
Aliinyanyua dirishani, akaitikisa: hakuna povu.
Akaifungua, akanusa. Akanusa tena.
Akanitazama kama mtoto aliyedanganya kuwa ameoga.

"Hayanukii," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akaifunga, akaiweka kabatini kando ya sabuni.
Hatujalizungumza tena jambo hilo.
Ila kikombe cha tatu, siku hizi,
hukijaza nusu.