Mwenye Jiwe

Kinue hasemi anakwenda kuvua. Anasema, "Nakwenda kugombanisha."
Buti za mpira hadi kiunoni, sigara isiyowashwa mdomoni,
anaingia pale maji yanapochemka bila moto
na kunionyesha jiwe: limelambwa.

Kweli limelambwa. Michirizi myembamba kama majani ya mwanzi,
alama za midomo ya ayu, samaki wa mito ya huku Shikoku,
akwanguaye ukoga wa kijani toka asubuhi
jiwe lile lile.
"Hapa pana mwenyewe."

Masika alitoka baharini, urefu wa kidole,
akavipita vidimbwi vilivyotulia, vyenye nafasi,
akachagua hapa, penye mkondo wa kuvunja mbavu,
kwa kuwa ukoga hupenda mwanga na maji yaendayo mbio,
na tumbo ndilo lililompimia kiwanja.
Mita moja kwa mita moja. Hati hana.
Ana kichwa.

Wasiopata jiwe huzurura kinani, kundi zima,
hawapigani na mtu.
Hao, asema Kinue, siwapati kamwe.

Anamtoa ndooni ayu wa jana, angali hai,
anamtia pete puani, nyuma yake ndoana tupu zikining'inia,
anamwachilia polepole uani kwa mwenziwe.
Tunangoja.
Kisha ufito unapinda:
mwenye jiwe amekuja kumfukuza mgeni
kwa hasira ya halali kabisa,
na haki yake imemnasa mgongoni.

Ananukia tango. Doa la manjano ubavuni kama muhuri.
Kinue hamtii kwenye barafu. Anamvua pete yule aliyechoka,
anamvisha huyu,
na mwenye nyumba wa dakika mbili zilizopita
anaburutwa kwa jirani, bila hodi.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Tangu mafuriko yang'oe bikoni ya shamba la mpunga
yeye na Gonpachi hawasalimiani;
shubiri mbili za tope, mawakili wawili.
Jana usiku nilimwona na kurunzi, ameinama mpakani,
akipima kwa viganja.

Saa sita tulikuwa kwenye changarawe, tunakula ayu kwa chumvi, mifupa na yote,
Gonpachi akatokea ng'ambo na ndoo yake.
Akausogelea mkondo ule ule.
Akamshusha samaki wake majini, taratibu,
hatua kumi na mbili kutoka kwetu.

"Anajua hapa nasimama mimi," akasema Kinue,
akaweka chakula chini, akapandisha buti.
Nikatazama nyuma ya Gonpachi,
nikitafuta ndoana.