Vidato Vitatu

Nilianguka Jumanne, baada ya chai ya saa nne,
kutoka kwenye boriti niliyoichagua mwenyewe.
Haikuvunjika. Nataka hilo lijulikane.
Boriti ilikuwa nzima; mguu ndio uliokosea.

Kiti cha magurudumu kilivuka toka Mokowe
juu ya magunia ya saruji,
kama mgeni asiyejua amealikwa na nani.
Langoni kikakwama. Kichochoro kile
nakijua upana wake kwa viwiko vyangu:
punda mmoja na mzigo,
au watu wawili wanaopatana.

Watu wakawa wanaongea juu ya kichwa changu.
"Anakunywa na sukari?" wanamuuliza Mwanakheri.
Naye: "Muulizeni. Kilichovunjika si ulimi."
Hata jina likaniponyoka. Nikawa "yule",
kwa sauti ya chini, ya kupita penye matanga.

Nikalala nikitazama dari. Dari haina habari.
Siku moja nikachoka, nikashuka sakafuni kwa mikono,
nikajikokota hadi ukutani, shavu kwenye chokaa,
nikaona nilichokosa miaka ishirini na sita ya kusimama:
chumvi inapanda.
Ukuta huanza kufa chini,
mahali fundi mwenye magoti yake
hajisumbui kuinama.

Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika utupu.
"Famau! Lete mwiko. Na tochi."

Sasa naitwa Mkomani, naitwa Gadeni.
Nakwenda kwa punda, nimefungwa kiunoni
kwa leso ya Mwanakheri (maandishi yake siyasemi).
Nalala kifudifudi vyumbani mwa watu,
nasikiliza kuta.

Si kila siku. Kuna siku siamki,
miguu nisiyoihisi inanichoma
na sijui nimshtaki nani.

Jana nikamwambia Famau: vidato vya mlango wetu,
vile vitatu, nilivyovichonga kabla ya harusi,
chukua tindo.
Akasita. "Mjomba, hii ndiyo kazi yako bora."
"Ndiyo. Basi vunja kwa adabu."

Akapiga. Tumbawe likatoa harufu ya zamani, ya maji.
Sikutazama kidato cha kwanza. Cha pili nilitazama.
Kisha akachanganya chokaa, mchanga umezidi mno,
nikamkemea mpaka jirani akafungua dirisha.

"Haya, fundi," akasema, huku akicheka.

Mteremko unakauka. Umelalia kushoto.
Kesho tutaubomoa, tuanze upya.