Ndoo Mbili za Kokoto

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Safu ya kwanza jina, ya pili shilingi.
Masunga fundi viatu: elfu mbili, ahadi.
Wauza furu wa Mwaloni: elfu sabini na tatu na mia tano,
noti zinanuka ziwa, nikazihesabu mara mbili.
Mwalimu Nyanjige alitaka mabomba, matangi,
na darubini moja, watoto waone kinachoogelea
ndani ya glasi wanayonywea.

Ndipo akashuka Mbuke kutoka mlimani Bugarika,
vumbi la mawe hadi kwenye kope,
akatua ndoo mbili mezani pangu.
"Hela sina. Hizi nimezigonga tangu alfajiri. Andika."
Watu wakacheka.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo.
Safu ya shilingi nikaiacha wazi.

Leo pipa la Darasa la Sita linadondosha:
mchanga, mkaa, kokoto.
Maji ya ziwa yanaingia na ukijani wake,
yanatoka, mtoto anasoma daftari kupitia glasi.

Darubini hatujanunua. Masunga angali anaahidi.
Nimerudi ukurasa ule, kalamu mkononi:
Mbuke, ndoo mbili,
na bado sijui niandike ngapi.