Deni la Upepo

Kwenye simu ulisema umepata kazi ya upepo.
Nikamwambia baba yako: huyu mtoto kaanza kutudanganya.
Upepo una ofisi wapi?

Nikapanda basi Maganzo alfajiri,
na kuku mmoja, na michembe kilo tatu.
Misungwi, Usagara, kisha mawe ya Mwanza
yaliyopandana kama ugomvi ambao hakuna aliyeusuluhisha.
Bodaboda akanitua Igombe, mchangani,
penye dagaa walioanikwa hadi macho yanauma,
na harufu inayoingia mpaka kwenye khanga ya akiba.

Ziwa. Nilikuwa nimeusahau ukubwa wake.
Ulimi wa mchanga umejitokeza, umeyagawa maji:
huku kighuba kimelala, kijani cha mlenda,
kule upepo unafyeka.

Sikukujua, Ng'wasi.
Niliona mtu amening'inia kwenye tiara
pana kuliko sebule yetu,
miguu imenasa ubaoni,
anayapasua maji kama mkasi kwenye kitenge.
Kisha akaruka.
Akakaa huko juu muda ambao binadamu hakai.
Nikasema, Mungu wangu, mtoto wa nani huyo?
Kijana aliyekuwa anageuza dagaa
akanijibu bila kuinua kichwa:
"Huyo ndiye mwalimu."

Mwalimu.

Mwalimu niliyemjua mimi ni Lushinge, darasa la nne,
siku upepo ulipokunja bati za shule
kama karatasi ya maandazi.
Alisimama mlangoni kuwazuia msikimbilie nje.
Bati la mwisho likaondoka na vidole vyake viwili.
Wewe tulikutoa chini ya dawati,
umeshika rula, hukutaka kuiachia.
Miaka mitatu baada ya hapo,
mti ukivuma tu, tunakutafuta uvunguni.

Sasa unatoka majini, unachuruzika,
fulana nene imekubana kama ganda la mbegu,
unapiga goti kwenye mchanga:
"Mwadila, mayu."
Nikasahau maneno yote niliyoyapanga tangu Misungwi.
Nikakupa kuku.

Ukanionyesha tiara nyingine, imechanika
urefu wa mkono wangu. Mgeni kaiangusha kwenye mawe.
Fundi wa mjini kataja bei ya mbuzi wawili.
"Jirani ana cherehani, mama."

Nimeshona sare. Nimeshona mapazia ya zahanati.
Nimeshona sanda, usiku, kwa mwanga wa simu.
Kitambaa hiki kilikuwa kitu kingine:
kinateleza, kinanong'ona,
hata kikiwa kimekunjwa mapajani
kinatafuta mlango.
Nikavunja sindano mbili.
Ya tatu ikakubali.
Nikapita mara moja, nikarudi, nikapita tena,
na wewe umekaa sakafuni unakula michembe
kama zamani, unaanza na iliyovunjika.

Sikukuuliza lini uliacha kuogopa.
Nadhani hukuacha.

Jioni ukaipandisha.
Ukanifunga mkanda kiunoni, ukanipa mpini,
ukanishika kwa nyuma kama mtu anayefundisha mtoto baiskeli.
"Kaza visigino."
Watoto wa dagaa wakaacha kazi, wakaja kucheka.

Ikavuta.
Jamani, ikavuta!
Nikauona mshono wangu juu kabisa, mstari mweusi,
na nyuma yake yule yule, ninamfahamu,
anayepita mashambani kwetu bila kubisha hodi.
Nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti,
mambo niliyokuwa nimeyameza miaka kumi na mitano:
bati kumi na nane,
vidole viwili,
godoro nililolianika kila asubuhi.
Nikamtajia na gharama za misumari.

Hakujibu. Alivuta tu,
na mimi nikavuta,
visigino vimezama mchangani mpaka kwenye vifundo.

Baba yako nitamwambia kazi ipo.
Mshahara sikuuliza.
Mshono ulishika.